Bwana Maabara na Vitu vya Watu

Walisema hatamaliza wiki mbili. Walisema hana cheti, hana jengo, hana hata kiti kimoja, na kwamba mtu aliyeosha chupa za maabara miaka yote hawezi kukusanya vipanga wa shule za mkoa mzima akawafundisha jambo wasilolijua. Walisema watoto watarudi nyumbani na mafua. Hilo la mafua lilikuwa kweli, maana mwezi wa Juni kule Marangu ukungu unashuka hadi kwenye migomba na shati ukilifua Jumatatu utalivaa Alhamisi likiwa bado bichi. Mengine yote waliyosema hayakutokea, na ushahidi ni mimi ninayeandika haya.

Nijitambulishe kabisa, ili asije mtu akaniuliza mimi ni nani. Nina diploma ya usindikaji wa maziwa niliyoisomea Uholanzi. Nina kiwanda changu kidogo cha mtindi na jibini pale Pasua, mjini Moshi, na mashine zake nimezifunga kwa mikono yangu. Sikushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Nilipokuwa ughaibuni niliosha sakafu za watu, nikasafisha mazizi yenye ng'ombe wengi kuliko kaya za kijiji chetu, nikasoma kwa lugha ambayo ukiisikia utadhani msemaji amekwamwa na mfupa. Kisha nikarudi. Wengi waliniambia nisirudi. Anayeona najisifu na aone hivyo, mimi sina deni naye.

Lakini kurasa hizi ni za mtu mwingine. Jina lake nalijua, sitalitaja, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda litajwe hata kwenye mikutano ya wazazi. Alikuwa mtunza maabara wa sekondari moja ya mlimani, na alipostaafu akaanzisha kambi ya likizo kwa vijana waliokuwa wakiongoza madarasani mwao. Tulimwita Bwana Maabara.

Alivaa koti la maabara siku zote, hata kanisani alilivua mlangoni tu. Zamani lilikuwa jeupe. Tindikali ilikuwa imelitoboa kifuani matundu matatu, na kila tundu alilijua lilitokana na mwanafunzi gani na jaribio gani. Hakupenda neno kipanga. Ukilisema mbele yake, hasa ukijisema mwenyewe, alikupa chupa ishirini na brashi. Mimi nilizifahamu chupa zile vizuri kuliko mtu yeyote kambini. Na bado mtu huyohuyo aliyechukia majigambo alikuwa na jigambo lake moja ambalo alilitoa kila asubuhi kabla ya chai: "Sijawahi kuvunja pipeti. Hata moja. Waulizeni walimu wenye digrii wamevunja ngapi."

Watu wazima walimsema sana. Kilabuni, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, mmoja alisema, "Yule wa kuosha chupa atawafundisha nini? Kuosha chupa." Mwingine akajibu, "Afadhali. Wangu nyumbani hata kikombe haoshi." Wazazi walitaka tuisheni. Likizo ya Juni kwao ilikuwa ya mitihani iliyopita, Fizikia asubuhi, Kemia mchana, Hisabati jioni. Walipomwendea kumwambia hivyo, alikunja mikono ya koti akasema, "Hayo mnayo shuleni miezi yote. Mimi nimeomba mwezi mmoja tu."

Nilisema hakuwa na hata kiti. Ni kweli, na hapo ndipo watu walipokosea hesabu zao. Hakuwa na chochote kwa sababu hakutaka kununua chochote. Aliazima. Jengo lilikuwa banda la kumenyea kahawa la wakulima, ambalo Juni linakaa tupu likisubiri mavuno. Mabenchi yalitoka kanisani. Darubini ilitoka zahanati, ilikuwa ya akiba. Cherehani, ya fundi wa Pasua. Mizani, ya mwenye duka wa Pasua pia. Redio mbovu tano zilitoka nyumba tano tofauti. Hata walimu aliwaazima: mpanda mlima mstaafu aliyejua mawe, mzee wa kamati ya mfereji aliyejua kupandisha maji mahali ambapo macho yanakuambia hayapandi, na mama mmoja wa Marangu aliyekusanya maziwa kwa majirani, ambaye tulimwita Mama Maziwa.

Kuazima kwake kulikuwa na utaratibu. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akaketi, akanywa alichopewa, akasema kitu kile kitakwenda kufanya kazi gani. Na aliahidi jambo moja, maneno yaleyale kila nyumba: "Kitarudi na habari yake." Maana yake ni kwamba siku ya kukirudisha hatasema asante peke yake. Atamweleza mwenyewe kitu chake kilifanya nini kilipokuwa huko, na nani alijifunza nini kwacho. Watu waliona ni maneno ya mzee. Waliazimisha kwa sababu alikuwa mgumu kumkatalia.

Siku ya kwanza ya kambi ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua masomo, na hakuna shule niliyopita, hapa wala Ulaya, iliyofanya kama yeye. Nje ya banda kuna zile meza ndefu za wavu za kuanikia kahawa. Juu ya meza hizo alipanga vitu vyote alivyoazima, kila somo na vitu vyake, bila kuandika jina lolote. Cherehani na vipande vya kanga. Mawe. Redio zilizofunguliwa matumbo. Bomba la uwazi lenye maji, la kupimia mteremko. Sisi arobaini tukaachwa tutembee kati ya meza, katika ukungu, asubuhi nzima. Ulishika ulichotaka. Ulikifungua ulichotaka. Yeye alikuwa anazunguka, mikono nyuma, anaangalia vidole vyetu.

Kisha akatupa kanuni. Kila mtu masomo matatu. La kwanza, unaloliweza. La pili, unaloliogopa. La tatu, ambalo utaona aibu kulitaja nyumbani.

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Hilo la tatu ndilo nimewaitia," alisema. "Mengine mawili ni ya kuwafurahisha wazazi."

La kwanza langu lilikuwa Hisabati, na sitaki kuzungumza sana kuhusu hilo, waulizeni niliosoma nao. La pili lilikuwa kuongea mbele za watu. Mnaonifahamu leo mtashangaa, lakini wakati ule nikisimamishwa darasani goti la kushoto lilikuwa linacheza peke yake. La tatu sikuwa nalo. Nilikuwa nasema moyoni kwamba mimi sioni aibu ya kitu chochote. Nilikuwa natafuta nimweleze hivyo, nipate sifa.

Ndipo nikaiona ndoo ya mama yangu.

Ilikuwa juu ya meza ya mwisho, pamoja na kitambaa cha kuchujia, kopo la lita moja na chupa ndefu ya kioo. Ndoo ya bati gumu, ya kukamulia, yenye kishimo cha kubonyea ubavuni kama kiganja cha mtoto. Nisingeweza kuikosea. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja shule ya bweni, sijapita nyumbani, kwa hiyo sikujua kwamba Bwana Maabara alishafika kwetu Mwika na kunywa chai. Basi nikasimama mbele ya ile ndoo, mgongo kwenye meza, nikiziba kishimo kwa kiuno changu ili mtu asikione.

Mtu wa mbali anaweza asielewe. Kwetu, ng'ombe anakaa zizini nyumbani, na mwanamke ndiye anayemkatia majani, anamlisha, anamkamua, anauza maziwa. Mwanamume ananunua ng'ombe na anamchinja. Hiyo ndiyo kazi yake na ng'ombe. Kijana wa kiume akionekana na ndoo ya maziwa, hasa kijana ambaye babake ni mzee wa kanisa na anamwambia kila mtu kwamba mwanawe atakuwa mwanasayansi, watu watauliza kama mama yake amefariki.

Bwana Maabara akaja akasimama kando yangu. Akanusa hewa, kama alivyozoea kunusa kila kitu kabla ya kukisema.

"Umesimama hapa tangu ukungu haujapanda."

"Napumzika, Bwana."

"Mabenchi yako kule."

Nikazidi kuiegemea meza.

"Wenzako nimewaona wakikimbia meza zinazowaaibisha," alisema. "Wewe umeiegemea yako. Andika maziwa." Akaenda zake.

Niliandika. Na nawaambia, katika siku tatu za kwanza nilijifunza kwa Mama Maziwa mambo ambayo diploma yangu ilikuja kuyapa majina tu. Jinsi ya kuosha chuchu kwa maji ya vuguvugu. Jinsi ya kukamua bila kuvuta. Kwa nini maziwa ya jioni yana mafuta kuliko ya asubuhi. Ng'ombe alikuwa wa jirani wa banda, mweusi mwenye baka jeupe usoni, na alinipenda. Bwana Maabara yeye alikuwa haingii zizini. Alisimama mlangoni, guu moja nje, akatoa maelekezo kutoka hapo. Mama Maziwa alimwambia, "Bwana, sogea uone." Akajibu, "Naona vizuri hapahapa." Mtu aliyetufundisha kuliendea lile tunaloliogopa alikuwa anaogopa ng'ombe, na aliogopa hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kumwandikia hilo kama somo lake la pili.

Alikuwa na ukinzani mwingine. Hakuweza kuomba radhi kwa mdomo. Neno lenyewe lilikuwa haliwezi kumtoka. Mwaka ule mimi niliivunja mizani ya mwenye duka wa Pasua. Niliipakia ndoo ya maji badala ya kikombe, kwa kutaka kuona mwisho wake, nikauona. Bwana Maabara hakunipiga wala hakunifokea. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba cha jirani, shamba lake la migomba, akakata jani la isale pamoja na kipande cha shina lake, akalifunga fundo, akanipa. "Mpelekee."

Kila Mchaga analijua jani hilo. Ukimkosea mtu, hata ukimwaga damu, ukampelekea isale, hawezi kukataa kusamehe. Nilishuka nalo hadi Pasua nikiwa nimelishika kwa mikono miwili, kama mjumbe. Mwenye duka alikuwa mtu wa Singida.

Nikampa shikamoo, nikamnyooshea jani. Akaliangalia.

"Hii ni nini? Dawa ya mbu?"

"Ni isale, baba."

"Nilichemshe?"

"Hapana. Nimevunja mizani yako. Ukilipokea umenisamehe."

Akalipokea. Akaligeuza huku na huku. "Haya, nimekusamehe. Sasa sukari nitapimia jani?"

Nilirudi nikamweleza Bwana Maabara. Akasema, "Kumbe jani lina mipaka yake." Kesho yake alishuka mwenyewe na bisibisi, akaketi kwenye kizingiti cha duka siku mbili, akaitengeneza ile mizani ikawa sahihi kuliko mwanzo. Mwenye duka alilalamika kwamba sasa wateja hawapunjiki.

Sasa nifike pale pagumu. Jumapili ya pili ilikuwa ya wazazi. Waliketi kwenye mabenchi ya kanisa ndani ya banda la kahawa, na kila kijana alisimama akataja masomo yake matatu. Hakuna aliyeeleza kanuni ya somo la tatu, ilikuwa siri yetu. Baba yangu alikuwa amevaa suti ya kijivu na alikuwa ameketi mbele kabisa, kati ya wazee wenzake wawili wa kanisa.

"Hisabati," nilisema.

"Vizuri," alisema baba, kwa sauti, kama tuko wawili.

"Kuongea mbele za watu."

"Vizuri. Utahubiri."

"Na..." Goti likaanza. Nyuma kabisa, Mama Maziwa alikuwa amenitazama na ndoo ilikuwa miguuni pake. Bwana Maabara alikuwa anakoroga chai. "Na Kemia."

Baba akawageukia wazee. "Mmesikia? Kemia."

"Kemia," alirudia Bwana Maabara polepole, akanywa chai yake.

Asubuhi iliyofuata alinisubiri mlangoni mwa zizi, guu moja nje. Mkononi alikuwa na ile chupa ndefu ya kioo, pamoja na kile kifaa kinachoelea ndani ya maziwa na kukuonyesha kama yametiwa maji, na spiriti, na vichupa vya kupimia kama yameanza kuchachuka. "Umemwambia baba yako Kemia," alisema. "Mimi kambi yangu haisemi uongo. Kuanzia leo kwako ni Kemia. Utakamua, utapima, utaandika, utaeleza kwa nini."

Mama Maziwa akaweka mikono kiunoni. "Bwana Maabara, unamfundisha mtoto kudanganya vizuri?"

"Namfanyisha kazi uongo wake," alisema. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Lakini umeazima jina la kitu kingine ukamfunika nalo mama yako. Jina hilo si lako. Siku moja utalirudisha, na habari yake."

Nilimwambia, "Nitalirudisha wiki hii, Bwana." Sikulirudisha wiki hiyo, wala mwaka huo.

Kwa sababu lile jina la Kemia lilinibeba. Baba alilipeleka kanisani, likapelekwa Mwika yote. Nilipopata nafasi ya Uholanzi, barua ilisema maziwa, mimi nyumbani nilisema Kemia. Nilipohitimu nikatuma diploma, na baba akaitia fremu akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Imeandikwa kwa Kiholanzi. Kila mgeni aliyeingia alielezwa na baba, kidole kikifuata mistari asiyoijua: "Hapa ndipo wanaposema Kemia." Niliporudi na kufungua kiwanda, baba aliwaambia watu mwanawe ana maabara mjini. Miguu yake ilikuwa haimruhusu kushuka kuiona, na mimi sikumkaribisha. Mjini nilijisifu kwa jibini langu mbele ya kila mtu. Mlimani nilinyamaza. Nimeahidi kuandika kweli, na hiyo ndiyo kweli.

Bwana Maabara alifanya kambi miaka kumi na moja, kila Juni; vitu wenyewe walimwachia mwaka hadi mwaka, na walivyovihitaji aliviomba upya kila Mei. Waliotusema mimi na yeye wanaweza kuhesabu. Hakuwa na cheti, na madarasa yake yametoa watu wenye vyeti ambavyo havienei kwenye ukuta mmoja. Nilipokuwa ughaibuni alikuwa ananiandikia barua fupi sana, nyingine zina sentensi moja tu: "Ng'ombe wa huko wanapewa majani gani?" Alihifadhi majibu yangu yote kwenye sanduku la darubini.

Mwaka jana, Mei, alinipigia simu. Sauti ilikuwa imepungua.

"Una gari la mizigo?"

"Ninalo, Bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Wakulima wanataka banda lao moja kwa moja, wanaweka mashine mpya. Na mimi pumzi hainitoshi. Njoo turudishe vitu vya watu."

Nilikwenda na pikapu yangu, ile nyeupe yenye jina la kiwanda ubavuni. Alikuwa amekonda ndani ya koti. Vitu vyote vilikuwa juu ya meza za kuanikia kahawa, vimefutwa vumbi, vimepangwa kama siku ile ya kuchagua. Nikapakia mimi, yeye akaketi mbele, akiwa ameishika darubini mapajani.

Tuliteremka nyumba kwa nyumba, siku nzima, na kila tulipofika alishuka mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia kusema alinizuia kwa mkono. Kanisani alimwambia mtunza kanisa, "Mabenchi yenu yamekaliwa na daktari mmoja, mahakimu wawili, na mtu mmoja aliyeniibia vitabu. Bado namwombea." Zahanati alieleza ni msichana gani aliona chembe ya damu kwa mara ya kwanza kwa darubini yao, na kwamba sasa anafundisha wengine kuziona. Kwa fundi cherehani alisema vijana wa kiume wanane walijifunza kukata pembe kwenye kitambaa, na mmoja anachora nyumba. Fundi alilia. Kwa mwenye duka wa Pasua tulikuta mbele ya duka kopo kubwa la rangi limeota isale, limemzidi mtu kimo.

"Jani lako hilo," aliniambia yule mtu wa Singida. "Nililichomeka tu nione. Sasa watu wa hapa hawanikopi wakasahau. Wanaliogopa."

Mwishoni ilibaki ndoo peke yake, inagongagonga nyuma ya pikapu tukipanda Mwika. Kisha akasema, akitazama mbele, "Hii habari yake sitaisema mimi."

"Najua, Bwana."

"Pumzi hainitoshi."

"Najua."

Tulifika kwetu saa kumi kasoro. Sikutegemea kukuta watu, lakini wale wazee wawili wa kanisa walikuwapo, wamekuja kwa mambo ya ujenzi wa paa, na baba alikuwa amewaketisha nje na mbege. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na diploma ilionekana kutoka uani. Mama alikuwa anatoka migombani na mzigo wa majani kichwani. Alipoiona ndoo mkononi mwa Bwana Maabara akautua mzigo taratibu, akabaki amesimama.

Nikawaamkia wote. Bwana Maabara akasalimiana nao, akakataa kiti. Akamwendea mama, akampa ndoo kwa mikono miwili.

"Mama, nimerudisha kilicho chako. Habari yake anayo huyu."

Baba akatabasamu. "Ya Kemia?"

Goti la kushoto likaanza. Mimi, niliyeongea mbele ya Wazungu mia mbili siku ya kuhitimu. Nikaona nikikaa kimya hata sekunde moja zaidi nitalichukua neno hili la uongo hadi kaburini kwa baba au kwangu.

"Haikuwa Kemia, baba," nilisema. "Siku ile nilikudanganya mbele ya hawa wazee. Lilikuwa somo la maziwa. Nilikuwa nakamua, kwa ndoo hii ya mama. Na Uholanzi nilisomea maziwa. Ile karatasi pale ukutani hakuna mahali inaposema Kemia. Inasema maziwa mwanzo hadi mwisho. Maabara yangu ya Pasua ni kiwanda cha mtindi. Kila ninachojivunia kimetoka kwenye kazi ya mama, na nimekuwa nikiificha kazi hiyo tangu nina miaka kumi na sita. Sasa sifichi. Mkitaka kucheka chekeni."

Hakuna aliyecheka. Kuku alipita katikati yetu. Mzee mmoja aliangalia ndani ya kibuyu chake kana kwamba kuna kitu kimezama.

Baba alinyoosha mkono. Nilidhani ananiita nipigwe, nikiwa mtu mzima mwenye kiwanda. Kumbe alikuwa anaitaka ndoo. Mama akampa. Akaiweka magotini, akakitafuta kile kishimo kwa kidole gumba, akakikuta bila kuangalia.

"Hiki unajua kilitoka wapi?"

"Hapana."

"Ulipozaliwa, mama yako alikaa ndani miezi mitatu, kama ilivyo desturi, anakula, hagusi kazi. Bibi yako ndiye angekamua, akaanguka akavunjika mkono. Ng'ombe hajui mambo hayo." Alikohoa. "Basi nilikuwa naamka kabla majirani hawajaamka. Sikujua kukamua. Wiki ya kwanza alinipiga teke, mimi na ndoo tukaenda ukutani pamoja. Miezi mitatu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nafunga mlango wa zizi."

Kisha yule mzee aliyekuwa anaangalia ndani ya kibuyu akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi nilikuwa nafunga na dirisha."

Mama ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akaketi juu ya mzigo wa majani, akiita "Yesu wangu! Yesu wangu!" na yule mzee mwingine akamgeukia mwenzake, "Na wewe, Meku, mzee mzima? Na wewe?" na baba alikuwa anatikisika mabega, ameikumbatia ndoo. Nilimtazama Bwana Maabara. Alikuwa amefumba macho na ananusa, na nilijua ananusa nini, maana ng'ombe alikuwa ameanza kulia zizini. Saa ya kukamuliwa ilikuwa imefika.

"Basi," alisema. "Hakuna cha mtu tena mikononi mwangu." Akatazama viganja vyake, pande zote mbili, kama anavyokagua chupa. Kisha akakubali kiti.

Baba akaninyooshea ndoo. "Haya, msomi. Tuone Waholanzi wamekufundisha nini."

Niliichukua. Niliuvuka ule ua mbele ya wazee wawili wa kanisa, mbele ya jirani aliyekuwa amechungulia juu ya masale ya mpaka, nikiwa na suruali yangu ya mjini. Bwana Maabara akainuka akanifuata hadi mlangoni mwa zizi, akasimama palepale pake, guu moja nje. Akashika ubao wa mlango, nadhani kwa mazoea ya woga wake, akaanza kuusukuma aufunge.

"Hapana, Bwana," nilimwambia. "Uache wazi."